Zege Lililoachiwa Mshono

Bamkubwa alikuwa fundi cherehani tangu baba yangu, mdogo wake, hajaanza kunyoa ndevu. Sare yangu ya kwanza ya shule alinishonea yeye, na ya pili, na hii ninayovaa sasa, ambayo mfuko mmoja uko juu kuliko mwenzake. Mfuko huo ndio uliotuambia kwamba macho yake yamechoka. Mama aliuona akanyamaza. Mimi nikiona kitu nauliza, kwa hiyo nikauliza, "Bamkubwa, huu mfuko umepanda juu kufuata nini?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akachukua sindano, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akajaribu kupitisha uzi. Uzi ukapita kushoto kwa tundu. Ukapita kulia. Akaulamba, akausokota, akajaribu tena, akakosa.

"Sindano za siku hizi," akasema, "matundu wanayatoboa kwa uchoyo."

Miwani ilimsaidia kusoma gazeti, lakini kola ni kitu kingine. Kola haitaki makisio. Shati la mteja mmoja lilipotoka na kola iliyotazama pembeni kama mtu aliyeitwa na rafiki yake, Bamkubwa aliifunika cherehani kwa shuka, akaisukuma ukutani, akatangaza kwamba amepumzika.

Hapo ndipo taabu ya Mamkubwa ilipoanza. Tunaishi ua mmoja, nyumba yao mbele, yetu nyuma, kwa hiyo hakuna kilichonipita. Mumewe alipanga sufuria kwa urefu, mifuniko akaihamishia chumba kingine kwa sababu "inavuruga mstari." Akafungua redio nzima, isiyo na shida yoyote, aone kwa nini haiharibiki. Akashusha mapazia yote, akayapima, akayarudisha.

"Huyu mume wangu atanitia wazimu," Mamkubwa alimwambia mama wakichambua mchele. "Miaka yote namwomba apumzike. Haya, kapumzika yeye, sipumziki mimi."

Suluhisho likaletwa na kaka yake Mamkubwa. Bamkubwa humwita Shemeji, na jina hilo likatushika sote, hata watoto wa jirani wasiohusika. Shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi, ana tumbo linalomtangulia kuingia mlangoni, na ana moyo mzuri sana. Alikuja Jumapili moja, akakaa, akanywa chai, akapiga goti lake kofi.

"Shemeji, nimekutafutia kiti."

"Kiti gani?"

"Cha pale mlangoni dukani. Kina mto. Mteja akiingia unamwambia karibu. Akitoka unamwambia karibu tena."

"Na katikati?"

"Katikati unakaa."

Bamkubwa akatabasamu kwa adabu, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota uzi usiokuwepo. Mamkubwa hakuviona vidole. Yeye aliona kivuli, chai ya saa nne, na mume anayerudi jioni mgongo haumuumi. "Ni jambo jema," akasema. "Angalau utakuwa na pa kwenda."

Bamkubwa akaomba aachwe afikirie kidogo. Akaenda kufikiria nyuma ya nyumba, akazunguka banda la kuni, akachungulia ndani, akarudi na jibu ambalo hakuna aliyelitegemea. Alilitaka lile banda. Alitaka kutengeneza slabu za zege, zile bapa za kutandika njiani.

Mamkubwa akashika kiuno. "Wewe na slabu mmejuana wapi?"

"Hospitali, siku ile ya macho. Zimetandikwa uwanjani pale. Nimeziangalia mpaka zamu yangu ikapita. Mke wangu, ni kukata na kushona tu, ila kitambaa chenyewe kinamwagika. Na ni kitu kikubwa! Hakina tundu la sindano popote."

Wakabishana, wakacheka, wakabishana tena. Mwisho wakakubaliana, Shemeji akiwa shahidi. Banda atapewa. Atafanya kazi moja, ya mteja wa kweli. Ikienda sawa, yeye ni fundi wa slabu na asisumbuliwe. Ikiharibika, anakwenda kukaa kwenye kiti chenye mto, na banda linakuwa la kuku wa Mamkubwa. Wakapeana mikono. Shemeji akaahidi kwamba kiti hatampa mtu mwingine, akaondoka na tumbo lake, ameridhika.

Banda lile lilikuwa na kitanda kibovu, matairi, na familia ya panya waliotoka kwa mpangilio, mkubwa mbele. Bamkubwa akafagia, akamwaga kifusi, akakishindilia kwa kigogo mpaka sakafu ikatulia. Mlango wa zamani ukawa meza. Aliulaza juu ya mapipa mawili, akaweka sinia la maji juu yake, akawa anachomeka vipande vya mbao huku na huku mpaka maji yakaacha kukimbilia upande mmoja. Ukutani akapigilia misumari, na kuzunguka kila msumari akachora kwa chaki umbo la chombo kinachokaa pale: mwiko wa mwashi, nyundo ya mpira, beleshi, chekeche la mchanga.

"Hii ni patroni ya karakana," aliniambia, kwa neno la mafundi la mchoro wa kukatia nguo. "Kitu kikipotea, ukuta unakisemea."

Kalibu, yaani zile fremu za mbao zinazomwagiwa zege, alizitengeneza mwenyewe. Kabla ya kukata ubao alikata kwanza karatasi ya kaki, akaichora, akaitia mkasi, akaibana kwenye ubao kwa pini. Pini! Kwenye ubao! Zilipopinda zote akabadili, akatumia misumari midogo, lakini alinung'unika. Futi yake ya kitambaa ilibaki shingoni na chaki ikabaki sikioni, hata alipokuwa anachanganya mchanga, saruji na kokoto mpaka nyusi zinakuwa nyeupe.

Slabu ya kwanza iligoma kutoka kwenye kalibu. Aliipiga, akaibembeleza, akaigeuza chini juu. Kelele zikamleta jirani yetu, mwashi, ambaye mtaa mzima unamwita Pima Maji kwa sababu kile kifaa chake cha kupimia usawa, chenye povu ndani ya kioo, hakimtoki kwapani. Nadhani hata kitandani analala nacho, apate kujua kama godoro limeinama.

"Hukupaka oili," akasema Pima Maji kutoka juu ya ukuta wa ua.

"Oili ya nini?"

"Keki inapakwa nini isigande kwenye chombo?"

"Mimi sijawahi kuoka keki."

"Hata mimi. Ila nimeoa."

Slabu ya pili, iliyopakwa oili, ilitoka vizuri ajabu. Bamkubwa akaibeba kama mtoto, akaianika juani karibu na nguo, akarudi kila baada ya muda kuigusa kama imekauka. Jioni ikawa na ufa kutoka kona hadi kona. Pima Maji safari hii alizunguka akaingia getini, maana mambo yalikuwa yamezidi ya kusemewa ukutani.

"Nani kakwambia zege linaanikwa?"

"Si lilikuwa limelowa?"

"Mzee mwenzangu, hili si shati. Zege halikaushwi. Zege linakomaa, na linakomaa kwa maji. Lifunike, linyweshe, liache lilale."

"Linakunywa?" nikauliza mimi.

"Linakunywa kuliko mjomba wangu." Akanieleza kwamba maji na saruji vinashikana polepole mpaka vinakuwa jiwe, na jua likiwahi kuyaiba maji, kazi inakatika katikati. Swali hilo nikalipeleka kwa mwalimu wa sayansi, akafurahi sana, akalifanya kazi ya nyumbani ya darasa zima. Darasa zima halikufurahi.

Basi Bamkubwa akafungua gunia lake la vipande vya vitambaa, masalia ya miaka ya sare, akavilowesha, akazifunika slabu zake kwa kaki na bluu na kijani. Ukiingia bandani asubuhi ungedhani umeingia bweni la wagonjwa wa homa. Yeye anapita na kopo la maji, anamnyunyizia huyu, anamnyunyizia yule. Alijifunza kugonga ubavu wa meza kwa nyundo ya mpira ili mapovu yapande juu na kupasuka, na akawa anainamisha sikio karibu na kalibu, macho kayafumba. "Macho yamestaafu," aliniambia, "masikio yameajiriwa." Slabu iliyokomaa aliigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia ting, kama kikombe. Aliita watu waje wasikie. Mamkubwa alikuja, akasikia, akasema, "Haya, imelia," akarudi jikoni. Lakini nilimwona akigonga nyingine kwa siri alipokwenda kuchukua kuni.

Mteja wa kweli akawa mwalimu wa chekechea iliyo mwisho wa mtaa wetu. Mvua ikinyesha, kutoka getini mpaka mlango wa darasa lake ni tope tupu, na watoto humwachia viatu vyao humo. Alitaka njia. Halafu alitaka na kitu kingine: watoto wanaomaliza mwaka huo waache kiganja cha mkono, kila mmoja kwenye slabu yake.

"Wote kwenye mstari mmoja, bega kwa bega," alisema Mwalimu, akampa Bamkubwa kipande cha boksi alichokikata. "Kila slabu iwe sawa na hiki. Nimepima kutoka getini mpaka kizingitini, wanatosha kamili, hakuna anayebaki. Jumamosi ya kufunga shule wazazi wataingia wakikanyaga, yaani, wakipita juu ya watoto wao. Nimesemaje? Mnanielewa."

"Tumekuelewa, Mwalimu," akasema Bamkubwa. Akakipokea kile kipande cha boksi kwa mikono miwili.

Watoto walikuja kwa makundi, wiki baada ya wiki, wameshikana mashati kama treni. Bamkubwa alikuwa anamwaga zege, analisawazisha, anangoja likaze kidogo, halafu anamwita mtoto mmoja mmoja. Kabla ya kukandamiza, kiganja kinapakwa mafuta, na baada yake kinaingia kwenye ndoo ya maji na sabuni papo hapo, maana saruji huchoma ngozi. Kazi ya ndoo ilikuwa ya Mamkubwa. Alisema anakuja tu kwa sababu wanaume hawajui kuosha mtoto.

"Babu, linauma?" akauliza mmoja.

"Linatekenya."

"Babu, mkono wangu utabaki humu ndani?"

"Utabaki alama. Mkono unaondoka nao."

"Na kesho?"

"Kesho pia."

Kulikuwa na binti mdogo, mapengo mbele, ambaye wenzake wanamwita Bosi kwa sababu ndiye anayeamua nani awe mama na nani awe mtoto kwenye michezo. Bosi alikataa kuweka mkono mmoja. "Mimi nina miwili," akasema, akaionyesha kama ushahidi. Bamkubwa akamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama mbinguni. Bosi akaweka yote miwili, vidole vimetawanywa mpaka ukingoni mwa kalibu, akakandamiza na kidevu juu yake kwa usalama. Kidevu kipo mpaka leo.

Slabu zikakomaa moja baada ya nyingine chini ya vitambaa vyao, zikasimamishwa ukutani kwa ubavu. Hakuna iliyopasuka. Kila jioni Bamkubwa alizigonga zote, na sisi huku nyuma tukawa tunakula kwa mlio wa ting, ting, ting.

Siku moja kabla ya kufunga shule, mkokoteni ukazipeleka chekechea. Pima Maji akaja na kifaa chake kwapani, akavuta kamba iliyonyooka kutoka getini mpaka kizingitini. Mchanga ukasawazishwa, na Bamkubwa akapiga magoti, akaanza kuzilaza: moja, nyingine, nyingine. Watoto walikuwa madirishani wamejibana, kila mmoja anapiga kelele akiona chake. Mamkubwa alikuwa amesimama na birika la chai. Njia ilikuwa inapendeza kweli. Ikafika kizingitini.

Na slabu tano zikabaki kwenye mkokoteni.

Bamkubwa akazitazama, akatazama kizingiti, akarudi kuzitazama. Pima Maji akahesabu watoto madirishani, ambalo ni jambo gumu, maana hawatulii. Akahesabu tena. Akatoa futi yake ya chuma, akapima slabu moja. Akakunja uso. Akachukua kile kipande cha boksi cha Mwalimu, akakilaza juu ya slabu. Slabu ikazidi kila upande, upana wa vidole viwili.

"Hii kalibu uliipimaje?" akauliza.

"Kama Mwalimu alivyonipa," akasema Bamkubwa. "Nikaliweka boksi kwenye karatasi, nikalizungushia chaki, halafu nikaachia mshono."

Pima Maji akainua kichwa.

"Ukaachia nini?"

"Mshono. Vidole viwili kila upande, vya kuliwa na..." Mkono wake ukapanda wenyewe juu ya kichwa.

Kwa asiyejua ushonaji: ukikata kitambaa, hukati sawa na kipimo. Unaongeza ukingo, kwa sababu unapounga vipande viwili, mshono unakula kidogo huku na kidogo kule. Asiyeachia mshono anatoa nguo inayombana mteja. Bamkubwa ameachia mshono maisha yake yote, mkono wake unafanya bila kumuuliza. Ila slabu haziungwi kwa uzi. Slabu hazili kitu.

Pima Maji alijitahidi. Alikaza midomo, akatazama pembeni, akakohoa. Halafu kikamtoka kicheko kilichosikika mpaka kwa muuza mkaa, akakaa chini kabisa, kile kifaa kikamdondoka kwapani kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Zege lenye mshono! Jamani! Pindo umeweka? Vifungo je?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameshaziangalia zile tano. "Hizi ni za nani?"

Juu kabisa kulikuwa na viganja viwili na kidevu.

Dirishani Bosi akauliza kwa sauti ya kutafuta mkosaji, "Changu mbona hakishuki?"

Pima Maji akafuta machozi, akawa mtu wa kazi tena. Angeweza kuleta mashine ya kukatia, akasema, apunguze kingo. Mwalimu akaonyesha vidole vya Bosi, vilivyofika ukingoni kabisa, na vya wengine wengi. "Ukate vidole vya watoto wangu? Siku ya wazazi?" Basi hizo tano ziwekwe kando, akasema Pima Maji, pale chini ya dirisha, kama wachezaji wa akiba. "Mama wa mtoto wa akiba utamjibu wewe?" akauliza Mwalimu. Kumwaga zege jipya haikuwezekana. Kesho lisingekuwa limekomaa.

Nikageuka kumtafuta Bamkubwa. Alikuwa amekaa.

Alikuwa kwenye kimojawapo cha vile viti vidogo vya chekechea, chekundu, magoti yamefika kifuani. Mikono imelala juu ya magoti, viganja juu. Haisokoti uzi, haipapasi chaki, haifanyi chochote. Alikuwa anatazama mbele tu, kama mtu anayengoja mteja aingie amwambie karibu.

Sijawahi kumwona hivyo, na nadhani Mamkubwa naye hakuwahi. Alisimama na birika lake, chai ikawa inamwagika chini kidogo kidogo, hana habari. Akaniambia polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimebisha, "Kumbe akikaa anakuwa hivi."

Akaweka birika chini. Akamwendea mumewe, akasimama mbele yake.

"Mkono wa shati unaingiaje begani?" akamuuliza.

"Niache, mama."

"Nimekuuliza. Nimekaa na wewe miaka yote hiyo nasikia unagombeza wanafunzi wako. Mkono na shimo la bega vinalingana?"

"Havilingani." Hakuinua macho. "Kichwa cha mkono ni kirefu kuliko shimo. Lazima kiwe kirefu."

"Sasa unakikata?"

"Hukikati. Unakizungusha, unakilaza kidogo kidogo, mpaka kinaingia cho..." Macho yakaenda getini, yakaenda kizingitini, yakarudi. Kidole kimoja kikaanza kutembea juu ya goti. "Kamba," akasema. "Nataka kamba, ndefu."

Mamkubwa alinituma nyumbani nikang'oe kamba yake ya kuanikia nguo, na nguo zenyewe nizitupe popote. Hilo peke yake lilinifanya nikimbie. Niliporudi walikuwa wamezing'oa zilizolazwa na kuzipanga slabu zote barabarani kwa mstari, na Bamkubwa akaikata kamba kwa urefu wa mstari huo. Ncha moja akaifunga getini, nyingine kizingitini. Katikati kamba ikalegea, imezidi. Akaisukuma kwa mguu, tumbo la kamba likaelekea kushoto. Akaenda mbele, akalisukuma kidogo kulia. Kamba ikalala chini kama herufi iliyoandikwa na mtu mwenye raha, na haikubaki hata ncha.

"Mimi nilitaka njia iliyonyooka," akasema Mwalimu, lakini kwa sauti ya mtu anayesogea. Kisha akaona tumbo lile la kushoto limepita wapi. Lilipita bombani, pale watoto wanaponawa mikono, penye tope kuliko pote. Akanyoosha kidole. "Hapo bombani, usiisogeze tena."

Pima Maji akaifungua kamba yake iliyonyooka, akaiviringisha, akaitia mfukoni. "Miaka yangu yote sijajenga kitu kilichopinda kwa kusudi," akasema. Lakini alipiga magoti. Kwenye kona slabu ziliachana upande wa nje, zikaacha nafasi kama vipande vya mkate wa duara, na humo tukajaza vijiwe. Mpaka jua linaelekea kushuka, slabu zote zilikuwa chini, ya mwisho ikiwa ya Bosi, mbele kabisa ya kizingiti. Bosi mwenyewe alishuka dirishani akasimama juu ya viganja vyake, akakubali kazi.

Jumamosi wazazi walikuja na viatu vya kung'aa. Mwalimu alikuwa amejitayarisha kueleza kwa nini njia imepinda, hakupata nafasi. Kila mama alikuwa ameinama, mkoba kwapani, anatafuta kiganja cha mwanawe, na akikipata anaweka cha kwake juu yake. Foleni ikajaa mpaka nje ya geti. Baba mmoja aliipita njia yote, akarudi, akaipita tena, akasema ameruka mtu. Bamkubwa alisimama karibu na bomba, futi shingoni, shati lake jeupe, anaangalia miguu ya watu tu.

Halafu akaja Shemeji, na tumbo lake, na habari alikuwa ameshazipata. Mtaa wetu haufichi kitu kama zege lenye mshono.

"Nimesikia umeachia pindo," akasema akicheka, akikanyaga njiani. "Nimesikia imebidi ipindishwe. Sasa dada, hii tunaihesabu imekwenda sawa au imehari..."

Slabu aliyokanyaga ikayumba. Tak. Akakanyaga tena, ikayumba tena. Tak. Wazazi wa karibu wakageuka, na Pima Maji akatazama viatu vyake.

Bamkubwa hakumtazama mtu. Alishapiga magoti. Akainamisha sikio, akaigonga slabu kona hii, kona ile, akaingiza ncha ya mwiko, akaiinua. Akachota mchanga kwa kiganja, akausukuma chini ya kona moja, akaishusha.

"Shemeji, simama hapo katikati," akasema. "Usitikisike."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mzito kuliko wote. Simama. Hamia mguu wa kulia. Wa kushoto. Ruka kidogo."

Shemeji, mwenye duka, akaruka kidogo mbele ya wazazi wote. Slabu haikutoa sauti. Bamkubwa akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia ting, akasonga mbele kwa magoti kujaribu inayofuata, amesahau kwamba ameulizwa kitu, amesahau kwamba kuna watu.

Shemeji akajifuta jasho. Akamgeukia dada yake. "Sasa kile kiti changu, dada, nimwambie nani akikalie?"

Mamkubwa alikuwa anamtazama mumewe, suruali yake nzuri ya sherehe imejaa mchanga magotini, na wala hakumgombeza.

"Kikalie mwenyewe, kaka," akasema. "Huyu hana nafasi."